Bawabu wa Jicho

Watu hudhani kuwa kinga ya mwili ni kazi ya askari wa damu peke yao, na kuwa utando wa ndani ya utumbo, mapafu na kope ni ukuta tu, usioona wala kusema. Dhana hiyo ina upungufu. Chembe za utando huo ni mabawabu. Katika utumbo huishi kwa amani na vijidudu vingi visivyo na dhara. Aingiapo adui hupiga yowe, na askari huja. Ukali wa vita hutegemea sana yowe hilo.

Kongwa, mkoani Dodoma, ni nchi kavu. Hapo Waingereza walifukia mamilioni ya pauni katika mashamba ya karanga kati ya 1947 na 1951, na mvua haikuwastahi. Ng'ombe ni wengi, na nzi hupenda nyuso za watoto. Ndipo trakoma, maradhi yaitwayo pia vikope, ilipochunguzwa kwa bidii tangu miaka ya 1980. Bakteria wake huingia ndani ya chembe za utando wa kope. Bawabu aliyevamiwa hulia, askari hufika, kope huvimba, kisha hutulia. Mtoto huambukizwa tena, na tena. Vita vinavyorudiwa huacha makovu. Baada ya miaka mingi makovu huivuta kope ikageukia ndani, nywele zake zikasugua kioo cha jicho hata nuru ikazimika. Mara nyingi mpofu huyo ni mwanamke, kwa kuwa ndiye aleaye watoto na kuambukizwa nao.

Nani mwenye hatia? Kovu ni kazi ya walinzi, si ya adui peke yake. Lakini kila yowe lilikuwa la haki. Likipimwa moja moja, hakuna lililokosea, na jicho limekufa. Basi hukumu haina budi kutoka nje ya mwili, imtafute aliyeuacha mlango uvamiwe mara mia. Utafiti wa Kongwa uliotangazwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa tu na vile vilivyohimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Katika hivi vya pili trakoma kali ilipungua zaidi. Maji kidogo yalimpunguzia bawabu sababu ya kulia.

Kwa bibi ambaye kope yake imekwisha pinduka, maji hayo yamechelewa. Upasuaji huirudisha kope nje na kumpunguzia maumivu, lakini haumrudishii nuru iliyokwisha potea.