Picha ya Mtu ni Mali ya Nani?

Nianze kwa kukiri. Niliuzisha kitu ambacho si changu. Kilikuwa kipande cha katoni, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na kilinipatia franga 2,000 kwenye soko la Mahoko. Wengine mtacheka. Mimi pia nilicheka, siku mbili hivi.

Kitu chenyewe kilikuwa kadi ya mchezaji wa mpira. Rafiki yangu alikuwa nazo 23. Alizitengeneza mwenyewe akiwa Goma: anakata picha kwenye gazeti au kalenda kuukuu, anaibandika kwenye katoni ya sabuni, anafunika na skochi ili maji yasiingie. Nyuma anaandika kwa biki jina, mwaka na ekipe. Alikuwa na sheria moja tu: awe mchezaji wa TP Mazembe, na picha iwe ya wakati hajajulikana bado. Mbwana Samatta alikuwemo, wa Mazembe, kabla ya Genk na Aston Villa. Mchezaji akishakuwa staa Ulaya, rafiki yangu hakatai kumshangilia, lakini picha yake haikati tena. Alikuwa anasema: "Sasa ule ni wa bote. Mi nilimupendaka mbele."

Kadi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Meschak Elia, ya CHAN 2016. Wengi mnakumbuka mashindano yale, yalifanyika hapa Rwanda, na mechi nyingine zilichezwa Umuganda, hapa hapa Rubavu. CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi ya nyumbani kwao tu. Ni kama mlango: unawaona vijana kabla hawajaondoka. Tarehe 7 Februari, kwenye fainali ya Kigali, Kongo ilifunga Mali 3-0. Elia alifunga mawili, na alikuwa na miaka 18.

Mwaka 2023 tulikutana wote wawili kwenye kambi ya mpito ya Nkamira. Jina lake likatoka kwenye orodha ya kwenda Mahama, langu halikutoka. Asubuhi ya basi, mizigo ikiwa mingi na mtoto wake analia, alinipa kile kifuko cha plastiki. "Unichungie. Nitakutumia mutu." Hakusema zaidi.

Wiki chache baadaye mdogo wangu alianza kukohoa. Kule Mahoko kuna kinyozi mmoja, shabiki wa Mazembe hadi kwenye mifupa, ukuta wa saluni yake umejaa wachezaji. Nilimwonyesha kadi ili tupige stori tu, ndivyo nilivyojiambia. Akaitaka ile ya Elia. Dawa ilikula franga 900. Zilizobaki nilinunua unite za simu na chapati. Nasema hivyo kwa sababu tukisimulia makosa yetu tunapenda kusema pesa yote ilienda kwenye dawa.

Sasa swali. Nilimwibia rafiki yangu nini hasa? Karatasi ya gazeti? Gazeti lile lilichapwa nakala nyingi. Katoni? Inaokotwa.

Huko Marekani kadi za wachezaji ni biashara kubwa. Kuna watu wanakusanya kadi za mwaka wa kwanza za vijana waliotoka kwenye timu ya chuo wanachokipenda, wakingoja wakue. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Lakini kadi za toleo hilo hilo zilipokosa wanunuzi zamani, kampuni yenyewe ilipakia masanduku yake kwenye mashua na kuyatupa baharini. Kwa hiyo bei si kitu kilichomo ndani ya karatasi. Soko linaipandisha kwa sababu zimebaki chache.

Rafiki yangu hakuwa na hesabu hiyo. Yeye alihifadhi imani: siku fulani alimtazama kijana asiyejulikana akasema huyu atafika. Kumpenda aliyekwisha kushinda hakugharimu kitu. Kumwamini ambaye bado ni kazi, na ile kadi ndiyo ilikuwa shahidi wa kazi hiyo. Ndicho kitu nilichouzisha kwa kinyozi, ambaye yeye alinunua picha ya staa.

Lakini kuna mtu wa tatu hapa, naye ni aliye kwenye picha. Huko huko Marekani, hadi Julai 2021, kijana anayechezea chuo kikuu hakuruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake. Wengine waliruhusiwa kupata faida, yeye apana. Na sisi tunaye wetu. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 kwenye Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, na mpaka leo hakuna aliyefikisha hayo katika mashindano moja. Mwaka 1994 walimwita Tunis wakamheshimu. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimpiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa dhiki, mkimbizi kama sisi. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumwombolezea, kumbe yuko hai. Alifariki 2019. Fikiria: watu walishika picha yake vizuri sana hata wakasahau kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Nilirudi Mahoko na franga 2,000 nilizokopa. Kinyozi hakunikatalia. Alileta wembe, akajaribu kubandua. Gundi ilikuwa imeshika. Upande mmoja wa uso ukaanza kuchanika, nikamwambia aache. Elia yuko pale mpaka leo, juu ya kioo, anawatazama watu wakinyolewa.

Usiku nilipiga simu Mahama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu kikohozi, kuhusu maisha. Yeye alinyamaza, kisha akauliza mambo mawili. La kwanza: "Mutoto alipona?" Nikasema amepona. La pili: "Juu ya nini haukuniuliza? Ningekuambia uzisha."

Simu nilikuwa nayo mkononi siku ile yote. Sikukosa njia ya kuuliza. Niliogopa atakataa, na nikijua amekataa singeweza kuuza. Nikachagua nisijue.

Wazee wanasema akiba haiozi. Amana, naona, inaoza, na inaanzia hapo: pale unapoamua kwa niaba ya mwenzako kwamba angekubali. Inawezekana kweli angekubali. Lakini kukubali kwake ni mali yake pia, na labda ndiyo mali pekee ambayo basi halikuiacha nyuma.

Ndugu wasomaji, na nyinyi mnaofanya kazi pamoja nasi, sote hapa tuko kwenye kadi. Tumepigwa picha ya usajili, uso mbele, bila kofia. Tumepigwa nyingine tukiwa kwenye foleni ya maji, watoto wetu wakicheka au wakilia. Sisemi kila picha ni wizi. Picha ya usajili imenisaidia, na picha ya shida imewahi kuleta blanketi. Hata kinyozi wangu anampenda Elia kwa moyo wote. Nasema tu kwamba kusudi zuri halijazi nafasi ya swali. Mimi nilikuwa na kusudi zuri la franga 900.

Kuna atakayenijibu kwamba mwenye njaa hana muda wa kuuliza. Siku nyingine ni kweli, na siwezi kumhukumu. Ila kila mmoja anajua moyoni siku ambayo muda ulikuwepo.

Kadi 22 zilizobaki zimeenda Mahama na mama mmoja aliyekuwa anamtembelea binti yake. Nilimwomba azibebe kifuani, si kwenye mzigo. Nimeongeza ya 23: katoni tupu, nimeifunika skochi, nyuma nimeandika Elia, 2016, Mazembe, na chini, saluni ya Mahoko, juu ya kioo. Mbele sikubandika picha yoyote. Hiyo atachagua mwenyewe.