Nani Kasema Babu Yako Hakuandikwa?

Tunasema kwa wepesi mno: "Babu yetu alikuwa mtu wa kawaida tu, hakuandikwa popote." Nani kasema? Babu aliandikwa, na walioandika ni wale wote waliotaka kitu kwake.

Serikali ya kikoloni ilitaka kodi, ikahesabu nyumba yake. Kenya, walowezi walitaka mikono yake mashambani, naye akavishwa kipande: karatasi ndani ya kisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni, yenye jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Vita vya 1914 hadi 1918 vilitaka mgongo wake. Mamia ya maelfu ya watu wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu hawakurudi. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927 kwa ajili yao wote. Jina la wa kwenu utalitafuta mwenyewe.

Karatasi hizo hazikuandikwa kwa kumpenda. Zilikusudiwa kumbana. Wewe mjukuu una uwezo wa kuzigeuza zimtetee!

Anzia nyumbani. Usimuulize shangazi, "Babu alizaliwa mwaka gani?" Muulize babu alitahiriwa pamoja na akina nani, njaa ipi ilimkuta mtoto, na nzige walipoingia alikuwa keshaoa au bado. Mwaka utatoka humo. Rekodi sauti yake kwenye simu. Kusanya majina yote: la utotoni, la ukoo, la dini, hata la utani wa kazini, maana karani aliandika alivyosikia, na sikio la Mjerumani halikuwa la Mwingereza.

Kisha toka. Nenda parokiani uombe daftari la ubatizo; humo mna wazazi na msimamizi, na mara nyingi ndoa imeongezwa pembeni. Kama kwenu ni Mombasa, Lamu au Unguja, ulizia kumbukumbu za kadhi: ndoa, talaka, mirathi. Hapo ndipo utakapomkuta bibi, ambaye orodha za kodi zilimpita kana kwamba nyumba ile ilijisimamia yenyewe.

Halafu bisha hodi kwenye Nyaraka za Taifa: Nairobi zipo Moi Avenue, Zanzibar zipo Kilimani, na Dar es Salaam yamehifadhiwa hata mafaili ya enzi za Wajerumani. Usitarajie faili lenye jina la babu. Mafaili yamepangwa kwa ofisi na wilaya, kwa hiyo ingia ukijua wilaya yake, chifu au jumbe wake, na miaka yake. Ndiyo maana tulianza kwa shangazi.

Huenda ukapata mstari mmoja tu: jina, kijiji, shilingi kadhaa. Usiudharau. Mstari huo unathibitisha kwamba alikuwepo, alifanya kazi, alidaiwa, akalipa, na bado akalea watoto waliokuzaa wewe. Unangoja mwanahistoria gani aje kumwandikia mtu wenu?

Karatasi zinaweza kusubiri hadi wiki ijayo. Mzee mwenye kumbukumbu hana ahadi hiyo. Namba yake unayo. Mpigie leo.