Hewa ya Wote na Pumzi ya Mmoja

Ardhi imepimwa na kuwekewa mipaka, maji yametiwa mita, na umeme hununuliwa kwa Luku. Hewa peke yake imebaki haina mwenyewe. Kwa sababu hii ni watu wachache waliopata kufikiri kwamba hewa nayo yaweza kuwa na haki na wajibu ndani yake. Mtu akaangapo samaki kando ya njia, harufu huwa zawadi kwa kila apitaye, wala hakuna aombwaye ruhusa. Walakini yuko mtu ambaye zawadi hiyo kwake ni hatari. Ana mzio mkali wa samaki, na mzio wake haungoji chakula kitiwe kinywani: mvuke wa kikaango watosha. Mtu huyo atakapo kusafiri, si kwa kuitwa na msiba wala kazi bali kwa furaha tu, ana haki ya kuwaomba wenziwe nini, nao wana wajibu wa kumpa nini?

Elimu ya maradhi haya si kongwe. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza ajabu waliyoiona kwa mbwa: sumu ya kiumbe wa baharini iliyotiwa mwilini mara ya kwanza haikumkinga mbwa, bali ilimwandaa kuuawa na kiasi kidogo sana mara ya pili. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Katika mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna alitunga neno la kitaalamu ambalo lugha za Ulaya hulitumia hata leo. Kiswahili hakikuhitaji kuliazima, kwa kuwa kilikuwa na neno lake, mzio, ambalo katika matumizi ya zamani lilikaribiana na mwiko: kitu ambacho mtu hali kwa kuwa kitamdhuru. Mwili wa mwenye mzio hukosea adui. Huona samaki kama jeshi la kigeni na kupiga vita ndani ya nyumba yake mwenyewe. Koo huvimba, pumzi hubana, damu hupungua nguvu ya kwenda, na yote haya yaweza kutimia kwa dakika chache. Dawa ya kwanza ni adrenalini, ichomwayo katika msuli wa paja. Si dawa ya anasa. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977.

Hapa pana jambo lipasalo kupimwa kwa haki, kwa kuwa hofu hukuza. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watoto 30 wenye mzio mkali wa karanga. Waliwekwa karibu na siagi ya karanga kwa dakika 10, wakavuta harufu yake, na hata mmoja hakupatwa na shida ya kupumua. Sababu yake ni kwamba chanzo cha mzio ni protini, na harufu si protini. Lakini chungu cha samaki kichemkacho, au kikaango chenye mafuta ya moto, huirusha protini yenyewe hewani pamoja na mvuke. Kama vile vumbi la unga wa ngano liwapavyo baadhi ya waokaji wa mkate pumu ya kazi yao. Kwa hiyo aliyeketi karibu na mla karanga na aliyeketi karibu na jiko la samaki hawamo katika hatari moja, ingawa wote wawili wasikia harufu. Tofauti hii si ya waganga peke yao. Ni ya maadili pia, kwa sababu mtu aombaye kupita haja yake hutumia imani ya watu ovyo, na siku haja itakapokuwa kubwa hatasadikiwa.

Na wachukuliwe wazazi wa Dar es Salaam wenye binti wa miaka 9 aliye na mzio huo wa samaki. Likizo yakaribia. Watoto wa mtaa wazungumzia bustani za michezo ya maji zilizo pwani, zenye madimbwi ya kuogelea na mitelezo, naye ataka kwenda. Lakini pwani hiyo ni ya wavuvi. Kunduchi hushushwa samaki, na penye umati ulioshikwa na njaa baada ya kuogelea hapakosi kikaango. Basi wazazi wageuza nia na kutazama magharibi, kwenye Milima ya Uluguru, ambako hewa yasifiwa kwa ubaridi wake na bahari iko mbali. Wadhani wamemkimbia samaki. Sivyo. Morogoro hula samaki wa Bwawa la Mindu na wa bonde la Kilombero, na dagaa wakavu hawakosi nafasi sokoni kwa Chifu Kingalu.

Kupanga safari kwao si kuchagua siku na kufunga mizigo. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, hufika kwa muda wa saa mbili hivi, lakini madirisha yake hayafunguliwi, na behewa zima ni chumba kimoja. Abiria akifunua bakuli la samaki aliyepoa, hatari ni ndogo kuliko harufu yake, kwa kuwa hana mvuke. Hata hivyo mkono ulioshika samaki hushika pia kiti na kitasa cha mlango. Basi lina madirisha, ila Chalinze na Msamvu madirisha hayo ndiyo milango ya wachuuzi, na karibu ya stendi pana majiko yasiyozimwa. Nyumba ya wageni lazima ipigiwe simu: jiko liko upande gani wa vyumba, mafuta ya samaki hukaangiwa viazi au hubadilishwa, mpishi hupika saa ngapi? Kisha uko mlima wenyewe. Njia ya Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa na Wajerumani, hupandwa kwa miguu, na kilele cha Lupanga kilicho juu ya mji kina mita 2,138. Huko hakuna kikaango, na kwa hiyo ndiko kuliko na amani. Lakini ndiko kuliko mbali na hospitali. Adrenalini yaweza kuhitajiwa tena baada ya dakika 5 hadi 15, na mlima haushukwi kwa dakika 15. Mahali salama kwa pumzi ni mahali pa hatari kwa dawa. Mama wa mtoto mwingine hakupata hata mara moja kuyapima mambo haya mawili katika mizani moja.

Hawatakosekana watakaosema kwamba njia nyepesi ni mtoto kukaa nyumbani. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Safari ya furaha si ya lazima, na mtu ajitiaye hatarini kwa hiari yake hana mlango wa kuwalaumu wengine. Tena yasemwa kwamba mtu mmoja kuwanyima mamia kitoweo chao ni udhalimu wa wachache juu ya wengi. Lakini hoja hiyo yakosea mahali pawili. Nyumba si ngome: dirisha la jiko la jirani liko hatua chache, na hewa haipigi hodi. Mtoto aliyekatazwa Uluguru kwa hoja hii atakatazwa na darasa, na arusi, na matanga, kwa maana penye watu pana chakula. La pili ni zito zaidi. Kumwambia mtu kwamba ana ruhusa ya kutembea kwa haja tu, wala si kwa furaha, ni kumwambia kwamba kuwapo kwake kwavumiliwa. Mzima apandapo mlima haulizwi sababu. Kwa nini mgonjwa aulizwe?

Upande wa pili yuko mama ntilie. Mtaji wake ni kikaango kimoja, gunia la mkaa na samaki wa mkopo, na siku asiyokaanga ni siku ambayo watoto wake nao watalala na njaa. Si haki kumsahau kwa sababu tu mgonjwa ana machozi ya karibu. Ikitoka amri kesho ya kuondoa majiko yote Msamvu kwa ajili ya pumzi ya abiria mmoja, gharama yote ya uhai wa mtoto wa mjini italipwa na mwanamke huyo, naye hakuushika mkono wa mtoto wala hakuulizwa.

Uluguru ilipata kuwa mahali pa swali kama hili, ingawa lilihusu udongo na maji. Mto Ruvu hupata maji yake mengi katika milima hiyo, na Dar es Salaam huyanywa. Mkulima wa mteremkoni akifyeka msitu, mtu wa mbali asiyemjua hupata tope. Serikali ya kikoloni iliiona hatari hiyo, ikaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru na kuwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi. Haikumsikiliza mtu wa juu. Mahali pengi milimani udongo mzuri ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga, polisi walitumia silaha, na mpango ukaachwa. Jambo lililotakwa, udongo usiporomoke, halikuwa ovu. Ubaya ulikuwa katika kumtwika mmoja mzigo wote wa usalama wa mwingine bila shauri wala fidia. Amri ya kufukuza vikaango ingekuwa matuta ya ngazi mara ya pili.

Je, basi mgonjwa anyamaze? Hasha. Iko njia ambayo watu wa Afrika Mashariki waifahamu tangu zamani bila amri ya dola. Katika mwezi wa Ramadhani, katika miji mingi ya pwani, asiyefunga hujitenga anapokula; hata aliye wa dini nyingine huona haya kutafuna mbele ya mwenye kiu. Katika koo nyingi za bara, mgeni asemapo kwamba nyama fulani ni mwiko kwao, sufuria hubadilishwa na hadai mtu ushahidi. Mambo haya hufanywa kwa heshima tu, pasipo uhai wa mtu kuwa hatarini. Mwenye mzio, ambaye uhai wake umo hatarini kweli, huambiwa kwamba ana maringo, au amedekezwa, au ajaribu kidogo azoee. Sababu ya tofauti hii haiko mbali. Mwiko ni wa ukoo na saumu ni ya umma. Mzio ni wa mtu mmoja, na mmoja hana wazee wa kumshuhudia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapo ndipo dhuluma ilipo hasa: si katika samaki kukaangwa, bali katika neno la mgonjwa kutosadikiwa mpaka aanguke.

Kutosadikiwa huku kuna sura mbili, na sura ya pili yaonekana katika nchi tajiri. Huko neno la mgonjwa hupokelewa kwa adabu na kuandikwa, lakini karatasi haina pumzi. Mwezi wa Oktoba 2023 mgeni mmoja alifariki baada ya kula katika mkahawa uliomo katika eneo la burudani la Disney huko Florida. Mumewe alidai mahakamani kwamba walimwuliza mhudumu zaidi ya mara moja na kuhakikishiwa usalama. Mwaka 2024 wanasheria wa kampuni walijibu kwamba kesi isisikilizwe mahakamani, kwa kuwa mume alipata kukubali masharti ya huduma ya filamu za kampuni hiyohiyo. Waliiacha hoja hiyo mwezi Agosti, baada ya watu wengi kuilaumu. Kwa upande mwingine shirika la ndege la Southwest liliacha kugawa karanga katika safari zake tarehe 1 Agosti 2018, na abiria hawakufa njaa. Lakini ndege ina mwenye kuitawala. Stendi haina.

Kwa hiyo haki ya mgonjwa katika hewa ya wote yaweza kuelezwa kwa kipimo cha nani aweza nini. Yale ayawezayo mwenyewe ni yake: kubeba dawa mbili na si moja, kuchagua kiti, kupita stendi saa ya alfajiri kabla ya majiko kuwashwa, kupiga simu wiki moja mbele badala ya kufika na kulalamika. Yale awezayo mwingine peke yake, kwa gharama ndogo, ni deni la huyo mwingine. Mpishi wa nyumba ya wageni aweza kukaanga samaki mchana wakati familia iko mlimani, na kueleza kweli kama hawezi. Jirani wa kiti aweza kufunika bakuli kwa saa mbili. Na yale ambayo mwingine hawezi kuyatoa bila kupoteza riziki yake, hayo hununuliwa au huachwa: kama wazazi wataka mama ntilie apumzishe kikaango nusu saa, na wamlipe nusu saa yake, bila yeye kufanywa mtu mbaya kwa kuhesabu.

Labaki swali la mlimani, nalo ni gumu kuliko la stendi. Mwongozaji apandaye na familia hukubali kuonyesha njia. Hakukubali kumchoma mtoto wa watu sindano. Hata hivyo yaweza kutokea kwamba baba yuko nyuma na mama ameishiwa na nguvu, na aliye karibu ni yeye. Waganga husema kwamba katika shaka ni heri kuichoma adrenalini mapema kuliko kungoja, lakini wao husema hivyo wakiwa hospitalini, nao hawatalaumiwa na ukoo mzima mtoto akizidiwa. Kumwomba mtu jambo hilo akiwa tayari njiani, mbele ya mtoto, ni kumfungia mlango wa kukataa. Aonyeshwe sindano mjini, aishike mkononi, aambiwe hatari zote mbili, kisha aachwe ajibu. Akikataa, wazazi wasimdhanie ukatili. Watafute mwingine, au waishie pale ambapo gari lafika.