Hatia ya Fuko na Dhamana ya Mwenye Ukingo

Swali la iwapo mnyama aweza kubeba hatia huonekana kuwa la vitabuni tu, mpaka maji yapitie tundu lake na kuingia nyumbani kwa mtu. Kimisagara, eneo la wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, limelala kwenye mteremko mkali, na maji ya mvua huteremka humo hadi Mpazi, mfereji mkuu unaoyafikisha kwenye mto Nyabugogo. Hivyo aliye juu na aliye chini wamefungwa na maji yale yale, na ukingo wa mtaro wa udongo ukipasuka juu, anayepata hasara ni wa chini. Adui wa ukingo wa namna hiyo ni fuko, mnyama wa jamii ya panya ambaye Wanyarwanda humwita ifuku, achimbaye kwa meno akitafuta mizizi, pamoja na panya wanaofuata taka.

Kinachobomoa ukingo si tundu lenyewe bali njia fupi ambayo tundu huyapa maji, kwani maji hupenya, hubeba chembe za udongo, na pango hupanuka ndani kwa ndani bila kuonekana hadi udongo wa juu udidimie. Ndiyo maana kuziba mdomo wa tundu peke yake ni kujidanganya. Sharti njia yote ifukuliwe, ijazwe mfinyanzi wenye unyevu, na kushindiliwa tabaka kwa tabaka.

Wafasiri wa Kurani walikutana na swali hili la hatia ya mnyama walipoieleza Sura ya Sabaa, inayosimulia mafuriko yaliyowafika watu wa Sabaa katika Yemen ya kale. Katika tafsiri ya Tabari, aliyefariki mwaka 923, zimo riwaya, yaani masimulizi yaliyopokewa kutoka kwa waliotangulia, zisemazo kwamba bwawa lao la Ma'rib lilitobolewa na panya, au fuko kwa riwaya nyingine, na kwamba wenyeji, wakiwa wameonywa na makuhani wao, walifunga paka kwenye nyufa ili wamzuie. Aya yenyewe haimtaji panya; yataja kwamba watu walikengeuka. Tena maandishi ya mfalme Abraha, yaliyochongwa katika jiwe mwaka 548, yaonyesha kwamba bwawa hilo lilikuwa likibomoka na kukarabatiwa kabla halijaachwa kabisa. Panya, basi, hata akikubaliwa, ni chombo tu; na wale paka, kusema kweli, ni matengenezo ya watu waliokwisha kuchelewa.

Fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, humtwika wajibu mukallafu, yaani mtu mwenye akili timamu aliyefikia umri wa kuwajibishwa. Mnyama hayumo, na hadithi mashuhuri ya Mtume imeondoa fidia kwa jeraha la mnyama, ingawa wanazuoni walimwajibisha mwenye mnyama akizembea. Fuko hana mwenyewe, lakini ukingo unaye. Sheria ya Hammurabi wa Babeli, ya karne ya 18 kabla ya Kristo, humlipisha nafaka mtu aliyezembea kuuimarisha ukingo wake hata maji yakafunika mashamba ya wenziwe, wala haitaji kilichoutoboa.

Haifuati kwamba fuko asiguswe. Panya ni miongoni mwa wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, kwa sababu ya madhara yao. Lakini wanazuoni waliosema kwamba mshambuliaji arudishwe kwa njia nyepesi inayotosha waliweka mpaka, na sumu itiwayo katika mtaro unaoishia mtoni huuvuka mpaka huo. Kufyeka nyasi ili matundu yaonekane, kufukia wavu wa waya ukingoni na kutega mitego ni njia zilizo ndani yake. Ama mtu atupaye taka mtaroni, akawaalika panya, hana haki ya kuwalaani.

Umuganda, kazi ya pamoja ifanyikayo Rwanda kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mwezi wa Februari hutangulia mvua za masika. Siku hiyo watu wa juu na wa chini na wayatafute matundu pamoja.