Kutupa

Nyungunyungu hana figo mbili kama zako. Ana vichujio zaidi ya mia mbili. Yule anayechorwa sana vitabuni, Lumbricus terrestris wa Ulaya, ana pingili zipatazo 150, na karibu kila pingili ina jozi yake ya mirija midogo ya kutoa taka, inayoitwa nefridia.

Tuelewane kwanza: siongelei ule udongo anaouacha juu ya shamba. Huo umepita tu tumboni. Naongelea taka ambayo mwili wenyewe hutengeneza. Ukila ndengu au omena, mwili ukivunja protini, inabaki amonia, na amonia ni sumu. Mende, kaa, konokono, mimi na wewe, hakuna anayekwepa: kuishi kwenyewe kunatoa sumu. Kwa hivyo swali la maadili haliwezi kuwa nani msafi. Swali ni nani analipia usafi wake, na analipa na nini.

Haidra, kanyama kadogo ka maji yasiyo na chumvi, hana kiungo chochote cha kutoa taka. Amonia inapenya tu mwilini ikitoka, na maji yanaibeba. Anaweza kuishi hivyo kwa sababu yeye ni mdogo na maji ni mengi. Panzi wa nchi kavu hana anasa hiyo. Mirija yake, iliyopewa jina la Mwitaliano wa karne ya 17, Marcello Malpighi, huvuta taka kutoka damuni na kuimwaga kwenye utumbo wa nyuma. Maji yanarudishwa mwilini, taka inatoka karibu kavu, kama asidi ya yuriki. Anaokoa maji, lakini kutengeneza asidi hiyo kunamla nguvu. Mende naye, huyo huyo unayemfukuza na ndara, huiweka akiba kwenye mafuta ya mwili wake, na bakteria wanaoishi humo huigeuza tena kuwa lishe.

Maji, nguvu, nafasi. Kila mnyama ana bili yake, na analipa mwenyewe.

Sisi watu wa ploti tunalipa pesa. Shilingi mia kadhaa juu ya kodi ya nyumba, na siku ikifika vijana wanakuja na mkokoteni. Kwetu sijawahi kuwaona na glavu. Mfuko unaondoka, mlango unafungwa, imeisha hiyo. Lakini haijaisha. Jaa la Dandora limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970. Lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001, na malori hayakuacha kuja. Mto Nairobi unapita karibu nalo, na watu wanaishi pale, na watoto wao wanasoma pale. Pesa yangu ililipia usafiri. Haikulipia pumzi ya mtoto wa Dandora.

Utaniambia, si hiyo taka inalisha watu? Ni kweli. Anayeokota chuma na chupa pale anajua thamani ya vitu kuliko mimi. Lakini kazi na sumu ni vitu viwili. Mtu anaweza kupewa kazi bila kufungiwa sumu kwenye bahasha ya mshahara.

Sasa rudi kwa nyungunyungu, kuna jambo linalonishangaza. Mdomo wa kila mrija, kama faneli yenye vinyweleo, hauko kwenye pingili ya mrija wenyewe. Umepenya ukuta ukaingia pingili ya mbele. Yaani kila pingili inachuja majimaji ya jirani yake, inabakisha yenye faida, halafu inatoa taka nje kupitia tundu lake. Kwa hivyo kushika taka ya jirani si aibu. Tofauti ni kwamba taka hiyo inapita, haibaki, na zamu ni ya karibu kila mmoja. Pingili tatu za kwanza tu, upande wa mdomo, na ile ya mwisho ndizo hazina mirija. Waheshimiwa wa mbele wapo kila mahali.

Sisemi tuige mnyoo. Mnyoo hachagui chochote. Sumu ikikwama kwenye pingili ya 90, yeye mzima anaumia, basi. Mji hauumwi hivyo. Kileleshwa inaweza kunusa maua huku Dandora ikikohoa, na habari isifike. Ndiyo maana mahali mnyoo anahitaji mirija tu, sisi tunahitaji maadili: yatuumize kwa niaba ya pingili ambayo hatuisikii.

Kiswahili kilishatuonya. Andika neno kutupa, kisha lisome polepole: ku-tu-pa. Kila kinachotupwa, kuna sisi fulani wanaopewa.

Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inatudai tutenganishe taka nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza. Kwetu ndoo bado ni moja. Kutenganisha maganda ya ndizi na chupa ni kazi ya dakika mbili, na tukiikataa haipotei, anaifanya mtu mwingine kwa mikono mitupu. Kwa hivyo kikao kijacho cha wapangaji, tukimaliza kubishana kuhusu maji na geti, nitauliza jambo moja: glavu za wale vijana ni pesa ngapi, tugawane?