Bei ya Kunyamaza

Matangazo ya magari yaliyotumika hapa Nairobi yana lugha yake. Gari halijawahi kupata ajali. Mmiliki ni mmoja tu, tena mwanamke. Logibuku iko mkononi. Nunua uendeshe, hakuna kazi ya kufanya. Ukisoma matangazo ishirini mtandaoni jioni moja, utadhani wanawake wa mji huu huenda kanisani Jumapili, wakarudi, wakalifunika gari mpaka Jumapili ijayo. Anayeuza anajua maneno haya hayaaminiki. Anayenunua pia anajua. Na bado yanaandikwa. Ndiyo maana naona biashara hii inafaa kutusaidia kuliuliza swali la zamani: nikikuuzia kitu, nina deni la kukuambia nini?

Siongei kuhusu wezi. Anayeuza gari la wizi au logibuku bandia ni wa polisi, hahitaji insha. Naongea kuhusu broka wa kawaida, kijana anayenunua Vitz au Probox Jumatatu kutoka kwa mtu mwenye shida, anaiosha, anapiga picha nzuri, na kufikia Ijumaa ameiuza kwa bei ya juu. Mtaani tunamjua. Mimi niliacha chuo kikuu bila cheti, na kati ya marafiki zangu niliotoka nao huko, broka wa magari ndiye pekee anayelipa kodi ya nyumba kwa wakati. Kwa hivyo sikuja hapa kumhubiria mtu.

Kwanza tumtetee. Faida ya haraka si dhambi. Mama mboga anayefika Wakulima alfajiri na kuuza sukuma mtaani kabla ya jioni hupata faida ya haraka kuliko broka yeyote, na hakuna anayemwita mwizi. Broka naye huweka pesa yake hatarini. Anajua bei za soko, anajua fundi gani wa Kirinyaga Road ana mkono safi, na humkutanisha anayetaka kuuza leo na anayetaka kununua kesho. Tena kuna kitu tunachosahau. Sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari linaloshuka leo Mombasa kutoka Japan, ukiongeza na ushuru, halinunuliki kwa mshahara wa wengi wetu. Tunategemea yale ambayo yamezunguka hapa nchini miaka 10, miaka 15, yakipita mkono hadi mkono. Lazima kuwe na mtu wa kuyapitisha.

Basi tatizo si haraka, wala si faida. Liko wapi?

Tuhesabu. Tuseme broka amenunua gari kwa 450,000 na kuliuza kwa 600,000. Katikati ametumia 30,000 kwa breki, kuosha na kupiga rangi mlango mmoja. Amebaki na 120,000. Pesa hizo zimetoka wapi? Sehemu moja ni malipo ya kazi yake na hatari aliyobeba. Sehemu nyingine ni malipo ya ujuzi wake wa soko. Hizo mbili ni zake, ale kwa amani. Lakini kuna sehemu ya tatu inayowezekana: gia inayochelewa kushika ikipata moto, kilomita zilizorudishwa kutoka 210,000 hadi 89,000, chesisi iliyonyooshwa baada ya ajali. Kama mnunuzi angejua, angetoa 500,000 tu, au angeondoka. Hiyo 100,000 ya ziada haikutokana na jambo lolote ambalo broka alifanya. Ni bili ya fundi iliyotolewa mfuko mmoja na kutiwa mfuko mwingine, na mwenye mfuko hana habari.

Hapo ndipo utasikia utetezi maarufu zaidi katika biashara hii: "Mimi sikudanganya. Yeye hakuuliza."

Utetezi huo una zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba. Watu wanaiona nzuri, ila yeye peke yake anajua kwamba mbao zimeoza na vyumbani huonekana nyoka. Je, aseme? Diogenes anasema: sheria ikikutaka utaje kasoro, itaje, zaidi ya hapo uza unavyoweza, mradi hujasema uongo. Hakuna aliyemlazimisha mtu kununua. Antipater anakataa. Kwake, kumwacha mtu aingie hasarani huku unaona ni kama kukataa kumwonyesha njia aliyepotea, tena ni vibaya zaidi, kwa sababu wewe ndiye unayempoteza. Cicero mwenyewe anamkubali Antipater, lakini anaweka mpaka mzuri: si kila kunyamaza ni kuficha. Kunyamaza kunageuka kuficha pale unapotaka mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua, ili wewe ufaidike.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda Roma kulipata wazo hilo. Waislamu wa pwani, ambako magari haya hushukia, wanaijua hadithi ya Mtume aliyepita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu, watu waione. Sasa fikiria mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyozamisha magari hapa Nairobi. Gari likilowa mpaka viti, ukikausha mazulia na kupuliza manukato, linarudi kung'aa. Nyaya ndani zinaanza kuliwa na kutu polepole. Juu pakavu, chini maji. Ni fungu lile lile la nafaka.

Sheria yetu nayo iko njia panda. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa tuliirithi kutoka ile ya Uingereza ya 1893, na kwa sehemu kubwa bado inamwambia mnunuzi afungue macho yake mwenyewe. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na anachonunua. Nayo sheria ya kumlinda mlaji ya 2012 inakataza kumpa maelezo ya uongo. Yaani babu zake Diogenes na babu zake Antipater wote wana kiti katika mahakama zetu. Ila nani ataenda mahakamani kwa ajili ya gia ya Vitz? Broka anajua hutaenda. Kwa hivyo swali linarudi kwa dhamiri yake.

"Lakini alikuja na fundi wake." Huu ni utetezi wenye nguvu kidogo, na sitaki kuupita mbio. Ni kweli, kama mkwaruzo uko kwenye bampa na mnunuzi ana macho, hakuna deni la kumwonyesha. Wala broka hana deni la kutaja bei aliyonunulia. Hiyo ni siri halali ya biashara. Lakini tazama kazi inayofanywa kabla fundi hajafika. Mafuta mazito yanatiwa ili injini inyamaze. Injini inaoshwa ili panapovuja pasionekane. Gari linapashwa moto mapema ili lisikohoe likiwashwa. Taa ya onyo kwenye dashibodi inakatwa waya. Huko si kunyamaza tena. Kuosha injini ili kuficha uvujaji ni kusema uongo kwa sabuni. Huwezi kutumia siku mbili kumfunga mtu macho halafu ukasema alikuwa na nafasi ya kuangalia.

Kuna utetezi mwingine, na huu ndio unaoniumiza. "Hata mimi nilichezwa." Broka amenunua gari akiamini ni zima, akagundua siku ya pili gia imekufa. Pesa alizotia ni za mkopo. Akisema ukweli, anapoteza 80,000 ambazo hana. Akinyamaza, zinapotezwa na mtu asiyemjua. Namwelewa. Lakini hasara yako ina mwenyewe: ni yule aliyekuuzia. Ukishindwa kumpata, huyu anayekuja Jumamosi na mke wake kuangalia gari hajawa mdeni wako kwa sababu tu yuko karibu. Vinginevyo kila aliyeibiwa simu stejini angekuwa na ruhusa ya kuiba ya abiria aliyekaa kando yake.

Na huyu anayekuja Jumamosi ni nani? Tunapenda kuisimulia hadithi hii kama hasla anayemzidi akili tajiri. Tajiri hanunui Probox ya miaka 14 kutoka kwa kijana aliyekutana naye kwenye simu. Anayenunua ni mwalimu mwenye mkopo wa Sacco wa miezi 36. Ni kijana anayetaka kufanya teksi za mtandaoni, na siku gari likilala gereji, nyumbani hakuliwi. Gia ikifa mwezi wa pili, mkopo haufi nayo. Ataendelea kukatwa miezi 34 kwa gari lililosimama. Hasla anamla hasla, halafu tunapigiana makofi kwamba tumeomoka.

Tena kuna kasoro ambazo hazina bei kabisa. Breki zisizoshika, usukani unaovuta, mifuko ya hewa iliyolipuka zamani na kifuniko kikagundishwa juu kana kwamba imo. Hapa walio hatarini hawakuwepo hata kwenye mapatano: mtoto kiti cha nyuma, mtu anayevuka Thika Road kwa miguu. Mnunuzi hawezi kukubali hasara kwa niaba yao, na wewe huwezi kuwauzia. Kwa gari kama hilo, kukosa kusema si ujanja wa biashara. Ni kumtegea mtu kifo na kutumaini kitampata mbali na wewe.

Upande wa ununuzi nao una maswali yake. Mtu mgonjwa wake haruhusiwi kutoka hospitali mpaka bili ilipwe. Gari lake ni la 550,000, broka anampa 400,000 usiku huo huo. Ni unyonyaji? Sidhani ni lazima. Pesa ya leo usiku ina thamani kuliko ya wiki ijayo, na broka akisema wazi, "Nakupa chini ya soko kwa sababu nalipa sasa," muuzaji anachagua akijua. Lakini akizunguka gari akitaja kasoro ambazo hazipo, akisema modeli hii haina soko, ni uongo ule ule umegeuzwa upande. Kasoro anazozibuni akinunua ni dada za zile anazozificha akiuza.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake ni rahisi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona hiyo bei ni dharau, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu. Bei inashuka tena. Ukitaka kuona hoja hiyo ikitembea, jaribu kuuza gari lako zuri Nairobi. Utasema ukweli wote, na mtu atakutazama kama unayeficha kitu kikubwa zaidi. Uongo wa wengine umekula thamani ya ukweli wako. Broka mwaminifu anaulipa kila siku.

Kwa hivyo kipimo changu ni kifupi: je, mnunuzi angelipa bei hii kama angejua unachokijua? Kama ndiyo, uza leo, na faida iwe kubwa utakavyo. Kama la, una njia mbili, kurekebisha au kusema na kushusha bei. "Gia inachelewa kushika ikipata moto, ndiyo maana nauza 500,000." Magari ya namna hiyo hununuliwa, maana wapo mafundi na watu wenye subira wanaoyatafuta. Faida itapungua, kweli. Lakini wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na wanunuzi wa mji huu wanaerevuka haraka. Siku watakapoacha kumwamini kila broka, atakayefunga yadi wa kwanza ni yule ambaye hakuwa na la kuficha.