Jembe la Mgeni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yaelekea huko: asiye raia hapewi ardhi ya Tanzania Bara ila kwa uwekezaji. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wapo na watu wa visiwani waliotafuta kiwanja Nzuguni. Hao ni raia, lakini wako ugenini. Nani atawapa jembe? Kumwekea mtoto akiba ni sababu njema. Kungojea tu bei ipande, palipolimwa uwele pamezungushiwa ukuta, si njema. Hati yenyewe haizidi miaka 99. Mwenye kiwanja na ajishikie jembe: ajenge, apande, ajuane na jirani.